Kipindi cha Michezo ni cha Watoto Wote

Imekuwa desturi katika baadhi ya shule zetu kwamba mtihani ukikaribia, kipindi cha michezo hugeuzwa kuwa cha hesabu. Na hata kinapoachwa, mtoto mwenye ulemavu huambiwa akae chini ya mwembe alinde mashati ya wenzake. Mambo yote mawili ni makosa.

Utafiti umeonyesha kwamba watoto husikiliza vizuri zaidi baada ya mazoezi, kwani mwili na akili ni ndugu wa tumbo moja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, na wenye ulemavu wamo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, nao unadai washirikishwe katika michezo shuleni.

Jambo hili halihitaji fedha za kigeni. Asiyeona hufuata mpira uliotiwa njuga. Asiyesikia hutazama kitambaa badala ya filimbi. Wa kiti cha magurudumu hudaka na kurusha.

Hivyo hatuna budi kuwakumbusha walimu wakuu na maofisa elimu wajibu wao: kipindi hiki kisiguswe, wala asiachwe mtoto chini ya mwembe. Tukimnyima kucheza, tusimlaumu akisinzia darasani.