Kichina ku masomo: tujifunze ili tusome mikataba



Majirani wetu wako wanafundisha Kichina. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua Taasisi ya Confucius mwaka 2005, ya kwanza katika Afrika. Uganda iliingiza Kichina mu sekondari mwaka 2019. Wanafunzi wanajifunza herufi, nyimbo, kung fu, na wenye kufaulu wanatafuta burse ya kwenda China. Huku Masisi na Walikale vijana wanauliza: na siye, lini?

Hatukatae Kichina. Mfanyabiashara wa Butembo anayefika Guangzhou kununua bidhaa bila kujua lugha, anapatana bei kwa vidole na kwa mashine ya kuhesabu. Mwenye kusikia lugha hadanganywi kirahisi.

Lakini anayelipa mwalimu na kuchapa kitabu ndiye anachagua mtoto ataambiwa nini. Kama ubalozi ndio unalipa, tutafundishwa sikukuu ya mwaka mpya na namna ya kunywa chai. Ni vizuri kuvijua. Ila tusitegemee kitabu kile kitufundishe kusoma mkataba wa madini.

Tuangalie Wachina wenyewe walifanya nini. Redio ya Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, na toka miaka ile vyuo vya Beijing vinafundisha lugha yetu. Walitusoma kwa mpango wao, kwa faranga yao, juu ya faida ya inchi yao. Hiyo siyo kosa, ni akili. Na siye tufanye vile vile.

Faida gani? Mwaka 2008 serikali ya Kongo na makampuni ya China walipatana mkataba wa Sicomines: shaba na kobalti ya Kolwezi kwa barabara na hospitali. Mwaka 2023, wakaguzi wa fedha wa IGF walitoa hesabu: dolari miliari 3 ziliahidiwa kwa ujenzi, lakini milioni 822 tu ndizo zilitumika. Ilichukua miaka 15 hesabu ile kutoka wazi! Mwaka 2024 walipatana upya, sasa ahadi ni miliari 7. Nani atahesabu safari hii?

Hiyo haiko shida ya Kolwezi peke yake. Rubaya, mu Masisi, inatoa karibu 15% ya tantali ya dunia, na toka mwezi wa nne 2024 iko mikononi mwa M23. Bisie, mu Walikale, iko na bati nyingi sana. China ni kati ya inchi zinazosafisha madini haya kwa wingi. Jiwe linasafiri mpaka kule, lakini mtoto wa mahali lilipochimbwa hafiki hata darasani, kwa sababu shule imelaza wakimbizi ao watu wenye silaha.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

Kwanza, mlango wa shule ufunguke. Watu wote wenye bunduki watoke mu masomo, wakimbizi wapate fasi ya heshima ya kulala, mwalimu alipwe. Katiba, mu kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ni ya lazima na ya bure. Mtoto ambaye hajasoma Kiswahili, usimuletee Kichina.

Pili, Kichina kiwe somo la hiari ku sekondari, na programu iandikwe na Wizara yetu ya elimu. Vijana wenye diploma wanaokaa bila kazi wako wengi, wafundishwe wawe walimu.

Tatu, kila mkataba wa madini utafsiriwe kwa Kiswahili na ubandikwe ku biro ya teritwari, Masisi na Walikale. Kiswahili ni lugha ya taifa kwa Katiba, siyo lugha ya soko peke yake.

Siku mtoto wa Walikale atasoma ukurasa wa Kichina na wa Kiswahili wa mkataba mmoja, ataona kama inasema kitu kimoja. Hiyo ndiyo Kichina tunataka.

Mpaka siku ile ifike, wiki hii muulize mbunge wako: mkataba uko wapi, na uko kwa lugha gani?