Usahaulifu wa Makamo Wastahili Kuulizwa Sababu

Katika dhiki zinazompata mwanadamu baada ya kuvuka miaka arobaini, ipo moja isiyo na homa wala kidonda, isiyomlaza mtu kitandani wala kumtoa kazini siku ya kwanza, na kwa hiyo hupita mbele ya macho yetu bila ya kuamkiwa: ni ule utusitusi wa akili unaomfanya mtu mwenye siha ya dhahiri afike dukani na kikapu mkononi asijue alichokifuata, ausome waraka mmoja mara tatu asiambulie maana yake, na alitafute jina la jirani wa miaka ishirini asilipate mpaka jirani mwenyewe amekwisha pita. Wenye dhiki hiyo huieleza kwa maneno yao: kichwa kizito, akili haishiki, nina mawazo. Nasi tunaowasikiliza tuna jibu moja tulilolizoea, kwamba umri umekwenda. Jibu hilo lina sura ya huruma, lakini nadai kwamba halina insafu, kwa kuwa linaufunga mlango wa kuuliza sababu, na sababu aghalabu ipo, na mara nyingi inatibika.

Nianze na umri wenyewe, maana ndio mshitakiwa wa kila siku. Mwaka 1956, katika mji wa Seattle, Marekani, mwanasaikolojia K. Warner Schaie alianza kuwapima watu wazima akili zao, akawa anawarudia kila baada ya miaka saba kwa miongo mingi, na yaliyodhihiri ni kwamba wepesi wa kutambua mambo kwa haraka hushuka polepole tangu ujanani, lakini akiba ya maneno, kumbukumbu ya maneno na uwezo wa kupima hoja hufika kileleni katika miaka hii hii ya makamo tunayoitangazia tanzia. Basi mtu wa miaka arobaini na minane ambaye mwaka jana aliendesha hesabu za duka lake bila ya taabu, na mwaka huu hawezi, hakuzeeka ghafla katika mwaka mmoja, lipo lililomzukia. Wala si haki kumtia hofu nyingine iliyo kubwa zaidi, kwamba ameanza ule ugonjwa wa kusahau wa wazee, kwa maana maradhi hayo ni nadra kabla ya miaka 65, na mara nyingi wanaoyalalamikia ni jamaa wamwonao mgonjwa kuliko mgonjwa mwenyewe. Ilhali mwenye utusitusi wa makamo huwa ndiye anayeyahesabu makosa yake, moja moja, kwa uchungu.

Namjua mama mmoja, kijumbe wa upatu katika mtaa mmoja wa Dar es Salaam, ambaye kwa miaka mingi alizishika zamu za wanawake wenzake kichwani bila ya daftari: nani amepokea, nani amebakiza, nani ameomba zamu yake isogezwe mbele kwa ajili ya ada ya mtoto. Alipokaribia miaka hamsini akaanza kukosea. Alimwita kupokea aliyekwisha pokea, akamdai aliyekwisha lipa, na siku moja alipokuwa akihesabu fedha mbele ya wenzake alisita katikati, akaanza upya, akasita tena pale pale, kidole gumba kikabaki juu ya noti ya elfu kumi huku macho yake yakizunguka kutafuta atakayemsaidia. Wako waliosema amepigwa zongo kwa kijicho cha watu. Wako wengine, na hao ndio waliomwumiza, walionong'ona kwamba anakula fedha. Maana upatu husimama juu ya amana, na mwenye kusahau hesabu ya amana hana ushahidi wa kumtenga na mwizi. Katika muda wote huo hapana aliyemwuliza habari za hedhi yake, iliyokuwa ikimjia kwa wingi na bila ya mpango kwa muda mrefu, wala habari za usiku wake, ambao aliupitisha akiamka na kanga iliyoloa jasho. Hatimaye alipopimwa damu ilionekana imepungua sana. Akapewa dawa za madini ya chuma, akachunguzwa kizazi chake, na miezi iliyofuata wepesi wake ukamrudia kidogo kidogo. Upatu bado anao, na siku hizi anao pamoja na daftari.

Yaliyompata mama huyu huwapata wengi. Kwa wanawake walio wengi hedhi hukoma baina ya miaka 45 na 55, na kabla haijakoma hupita miaka kadhaa ambapo homoni ya estrojeni hupanda na kushuka bila ya mizani. Kazi ya homoni hiyo si ya kizazi peke yake. Ubongo nao una mahali pa kuipokea, hasa katika sehemu zinazohifadhi kumbukumbu na zinazoyaongoza mazingatio ya mtu. Utafiti mkubwa wa siha ya wanawake wa Marekani uitwao SWAN ulitoa mwaka 2009 matokeo ya kuwafuatilia wanawake 2,362 kwa miaka minne, ukaonyesha kwamba katika kipindi cha kuuelekea ukomo wa hedhi uwezo wao wa kujifunza kwa kurudia vipimo ulififia, na baada ya hedhi kukoma uwezo ule ukarejea. Hili la kurejea nalitaka lisikike katika kila nyumba. Mwanamke anayedhani kwamba akili yake inamtoka moja kwa moja yuko, katika hali nyingi, kwenye kivuko chenye ng'ambo. Jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa ukomohedhi iliyafanya mambo haya ya akili na hali ya moyo kuwa mada ya Siku ya Ukomohedhi Duniani, 18 Oktoba 2022; lakini mama wa Tandale au wa Likoni atayapata wapi, ikiwa kwao mazungumzo ya hedhi yenyewe ni fedheha, na ya kukoma kwake ni fedheha mara mbili?

Zipo tiba za homoni kwa wanawake wanaoteswa na fukuto la mwili na jasho la usiku, nazo zina manufaa makubwa kwa wanaostahili kuzitumia. Hata hivyo hazitolewi kwa ajili ya kuponya kumbukumbu, na utafiti wa mwaka 2003 juu ya wanawake wa miaka 65 na zaidi ulionyesha kwamba homoni mchanganyiko walizopewa katika umri ule zilizidisha hatari ya ugonjwa wa kusahau. Jambo hili ni la mtu na tabibu wake, wala si la kuazimana vidonge baina ya jirani na jirani.

Lakini kama ningeruhusiwa kumwuliza mwenye kichwa kizito swali moja tu, awe mwanamume au mwanamke, ningeuliza habari za usiku wake. Mkazi wa Mbagala au Gongo la Mboto afanyaye kazi katikati ya mji huamka saa kumi alfajiri ili aiwahi daladala, hurudi saa tatu usiku, hula, husikiliza mashitaka ya watoto, kisha hujilaza na simu mkononi mpaka saa sita. Hizo ni saa nne za usingizi, na mwili wa mtu mzima wadai saba au zaidi. Akiishi hivyo mwaka baada ya mwaka, kisha akasahau jina la mteja, tunastaajabu nini? Watumishi wa serikali ya Uingereza waliofuatiliwa tangu miaka ya 1980 katika utafiti wa Whitehall II wametufundisha, kwa matokeo yaliyotolewa mwaka 2021, kwamba waliolala saa sita au pungufu walipokuwa na miaka 50 na 60 walipatwa zaidi na ugonjwa wa kusahau uzeeni kuliko wenzao waliolala saa saba. Usiku unaoibiwa katika makamo una deni lake mbele.

Ipo na itikadi ya siku nyingi majumbani mwetu, kwamba akoromaye amelala fofofo na ahimidiwe Mungu. Mkewe anayekesha kando yake ajua zaidi: mkoromo hupanda, hukatika ghafla, kimya hutanda mpaka mtu aogope, kisha mume hutweta kwa kishindo kama aliyeibuliwa majini, akageuka upande, na mambo yakaanza upya. Huko ni kukatika kwa pumzi usingizini. Mtu huyo aweza kulala saa nane na akaamka na uchovu wa mkesha, kinywa kikavu na kichwa kikimgonga, akasinzia mchana hata kwenye usukani, na presha yake ikapanda ingawa anameza dawa. Akimwendea tabibu, yafaa mke aende naye, kwa kuwa yeye ndiye shahidi wa pekee wa maradhi hayo. Mwenye kukoroma hajapata kujisikia.

Na wengine usingizi wanaununua. Vile vidonge vya mafua viitwavyo Piriton, vinavyopatikana katika duka la dawa kwa bei ya chai, vimekuwa kwa watu wengi dawa ya kulalia kila usiku, ilhali dawa za namna hiyo huizuia kemikali ambayo ubongo huitumia kuweka kumbukumbu, na uzito wake hubaki kichwani hata asubuhi. Valiamu nayo, ingawa kwa njia nyingine, huacha uzito kama huo. Pombe humlaza mtu upesi, kisha humwamsha saa nane ya usiku. Mwenye kisukari aliyemeza metformini kwa miaka mingi aweza kupungukiwa na vitamini B12 asijue, na kipimo chake ni cha damu tu. Tezi ya shingo ikilegea katika kazi yake, akili nayo hulegea. Wako na waliougua korona, wakapona mapafu, lakini wepesi wa akili ukakawia kuwarudia. Simwambii mtu aache dawa aliyoandikiwa. Namwambia avitie katika mfuko mmoja vidonge vyote anavyotumia, vya hospitali na vya dukani na vya mitishamba, aende navyo vyote mbele ya tabibu.

Limebaki lile la mawazo, nalo nakiri kuwa ni zito, kwa sababu haliponi kwa kidonge cha chuma. Mtu wa makamo wa kwetu ana mzazi mgonjwa kijijini, mtoto chuoni, mdogo wake asiye na kazi, mchango wa harusi, mchango wa msiba, na simu inayolia kwa kila moja ya hayo. Dhihni ya mwanadamu haishiki mambo mengi kwa pamoja. Yanapozidi, la mwisho hulisukuma la kwanza nje, na tunauita huo usahaulifu. Mara nyingine chini yake imelala sonona, ambayo katika umri huu hujitokeza kwa uzito na uvivu wa fikra kabla haijajitokeza kwa machozi. Hapo dawa ya kwanza i mikononi mwa jamaa: kaka watatu wakae na dada yao mmoja anayemwuguza mama yao peke yake, wagawane usiku, wagawane safari za hospitali, na asiyeweza kufika alipe mtu wa kusaidia. Kumsifu dada kwamba ana moyo si kumsaidia.

Mtu mwenyewe naye ana yake ya kufanya. Kuandika si aibu, na kuweka funguo na miwani mahali pamoja kila siku huupunguzia ubongo kazi usiyohitaji kuifanya. Kutembea kwa mwendo wa haraka kwa jumla ya dakika 150 kwa juma, kiasi kinachosisitizwa na Shirika la Afya Duniani, huufaa ubongo kama kuufaavyo moyo, na mwenye kushuka daladala kituo kimoja kabla ya kwake amekwisha anza. Jopo la wataalamu lililoandika katika jarida la Lancet mwaka 2024 lilikadiria kwamba karibu asilimia 45 ya maradhi ya kusahau duniani yafungamana na mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, na mengi kati ya hayo, kama presha, kisukari, lehemu mbaya katika damu, uziwi usiotibiwa na sigara, ni mambo ya umri wa makamo. Ziko ishara ambazo hazingoji ushauri wa gazeti: aliyepotea njia ya nyumbani kwake, aliyeacha kujua matumizi ya fedha, ambaye hali yake yazidi mwezi hata mwezi, apelekwe hospitali, na aliyechanganyikiwa ghafla, mdomo ukaenda upande au mkono ukalegea, apelekwe saa ile ile.

Waajiri nao wana neno la kusikia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 imemkumbuka mama mzazi kwa siku 84 za likizo, na ni heri. Lakini yule mwalimu wa miaka hamsini ambaye hakulala kwa fukuto, akakosea safu katika kitabu cha alama, hupewa barua ya onyo kabla ya kuulizwa hali. Dirisha lililofunguliwa, ruhusa ya kwenda kliniki, na maagizo ya kazi yaliyoandikwa badala ya kutamkwa mlangoni, hayo hayaihitaji bajeti ya wizara.

Na kliniki zenyewe tunazo. Watu wa umri huu hufika kila mwezi katika zahanati na vituo vya afya kuchukua dawa za presha na za kisukari. Mkono hufungwa kifaa, namba huandikwa kwenye kadi, na mtu hurudi nyumbani. Naomba muuguzi yule yule, kabla ya kurudisha kadi, aongeze maswali matatu: unalalaje, unameza nini kingine, na kwa mwanamke, hedhi yako iko katika hali gani. La tatu aliulize kwa faragha, mlango umefungwa na mume akiwa nje kwenye benchi, kwa maana mama wa staha hatalijibu mbele ya watu, na kimya chake kitaandikwa tena kwenye kadi kwamba hana tatizo.