Polishi Haiongezi, Hupunguza

Juma lililopita, baada ya swala ya Alasiri, kijana mmoja wa mtaani petu alitungoja penye ngazi za msikiti. Akatuamkia, kisha akatuomba tukalitazame gari lake. Ni gari lake la kwanza, la buluu iliyokoza, limeshushwa Kilindini kutoka Japani, wala halijatimiza miezi sita mikononi mwake. Lilipokuwa kivulini lilimeremeta. Alipolisogeza juani, boneti nzima ilionekana imejaa mistari myembamba ya mviringo mithili ya utando wa buibui, na juu ya paa palikuwa na madoa mawili yaliyoachwa na kunguru wa mwembe wa jirani.

“Fundi ataka shilingi 6,000, Maalim,” akasema. “Kwa hela hizo naweza kununua dawa, nikaazima mashine, nikaifanya kazi hii mwenyewe Jumapili moja. Mwaonaje?”

Hatukumjibu papo hapo. Swali hilo tulipata kujiuliza wenyewe miaka 11 iliyopita, na tukalijibu vibaya.

Marehemu baba yetu aliacha, miongoni mwa vitu vichache, gari dogo la kijani lenye chembe za kumeta. Warithi walikuwa wanne: mama yetu, ndugu yetu, dada yetu na mwandishi wa ukurasa huu. Ikakubaliwa gari liuzwe, kila mmoja achukue fungu lake, na kazi ya kuliuza ikawekwa mikononi mwetu. Gari lilikuwa limekaa miezi mingi chini ya mwarobaini, rangi imefifia. Tukaona likipigwa polishi litapata bei nzuri zaidi. Fundi alitutajia ujira wake, tukauona mkubwa. Tukaazima kwa jirani mchomeleaji mashine yake ya kusagia vyuma, ile iitwayo grainda, tukaifunga sponji, tukanunua kopo la dawa, tukaanza.

Mlango wa kwanza ulitoka vizuri, nasi tukajisifu. Kisha tukaingia kwenye boneti. Pale penye ukingo ulioinuka, harufu ya kuungua ilitufikia kabla macho hayajaona. Tulipoinua mashine, kijani kilikuwa kimeondoka. Palibaki mstari wa kijivu, upana wa vidole viwili, tangu kioo cha mbele hadi penye taa.

Alikuwapo mtu aliyetushauri tuupake mstari ule nta ya rangi, kisha mnunuzi tumwonyeshe gari jioni, jua likishazama. Hatutaficha kwamba ushauri ule ulitukaa moyoni usiku mmoja. Lakini kumfichia mnunuzi aibu ya kitu ni ghushi, na hilo halina maelezo mawili. Tena gari lenyewe halikuwa letu peke yetu. Asubuhi tuliwaita warithi wenzetu tukawaeleza yaliyotukia. Dada yetu alisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Kaka, mimi sikutaka gari ling’ae. Nilitaka liuzwe.”

Kupaka rangi boneti upya kulitugharimu shilingi 15,000 kutoka mfukoni mwetu. Hata hivyo mnunuzi aliyekuja aliuliza kwa nini kijani cha boneti hakilingani na kijani cha milango. Tukamweleza, naye akapunguza bei. Upungufu ule tuliutoa katika fungu letu, usiwaguse wengine. Tangu siku hiyo tumelisoma jambo hili kwa makini zaidi, na tuliyoyajua twaona yafaa wasomaji wetu wenye magari wayajue kabla hawajashika sponji.

La kwanza na kubwa kuliko yote ni kwamba polishi haiongezi kitu. Wengi wetu twadhani ni mafuta yanayoilisha rangi. Sivyo. Dawa ya polishi ina chembe ndogo za kukwangua, kama msasa laini mno. Mkwaruzo ni kijibonde kwenye rangi, na polishi huuondoa kwa kupunguza rangi iliyo kandokando yake mpaka uso uwe sawa. Kila tunapong’arisha, tunatumia sehemu ya rangi tuliyokuwa nayo.

Na akiba hiyo ni ndogo. Juu ya bati la gari kuna rangi ya msingi, juu yake rangi yenyewe tuionayo, na juu kabisa, katika magari mengi ya siku hizi, kuna tabaka la vanishi lisilo na rangi. Matabaka yote hayo pamoja, kama yalivyotoka kiwandani, kwa kawaida hayazidi sana unene wa karatasi moja ya kuandikia, yaani kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Vanishi peke yake haifiki nusu ya karatasi hiyo. Nayo vanishi ndiyo inayozuia jua na chumvi visiifikie rangi. Kwenye kingo na mikunjo ya bati rangi huwa nyembamba zaidi, na hapo ndipo mashine inapokaza. Ndiyo sababu boneti ya marehemu baba yetu iliungulia pale ilipoungulia.

Pana na suala la mashine. Grainda ndogo huzunguka mara zipatazo 11,000 kwa dakika. Mashine ya polishi huendeshwa kati ya mara 600 na 3,000. Mwendo ule mkubwa huzaa joto, na joto huitia rangi ulaini, ikaungua au ikachunika. Hata miongoni mwa mashine za polishi zenyewe zipo mbili. Iko inayozunguka mahali pamoja, nayo hukata haraka na huunguza haraka. Iko nyingine inayozunguka huku ikiyumba, nayo ni polepole, na ndiyo iliyo salama zaidi kwa mkono usiozoea.

Basi lipi tulifanye wenyewe, na lipi tumwachie fundi? Kipimo ni rahisi, hakigharimu kitu. Osha mahali penye mkwaruzo, kisha upitishe ukucha juu yake polepole. Ukucha ukipita bila kukwama, na ukipatia maji mkwaruzo ukatoweka machoni, basi umo katika vanishi tu, na waweza kupunguzwa kwa polishi. Ukucha ukikwama, mkwaruzo umezama kuliko polishi iwezavyo kufika. Ukiona kijivu au weupe ndani yake, umefika kwenye rangi ya msingi. Ukiona bati linang’aa, usingoje, kwa maana upepo wa bahari hauna subira na chuma. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kazi zilizo zetu ni hizi. Kuosha gari kivulini, bati likiwa limepoa, kwa ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi kwenye rangi. Ule utando wa buibui aliotuonyesha kijana yule, mara nyingi chanzo chake ni tambara chafu na kufuta vumbi kukavu kila asubuhi. Sabuni ya unga ya kufulia tuiache kwa nguo. Wanaotumia maji ya kisima, ambayo kwetu pwani mara nyingi yana chumvi na chokaa, wasiyaache yakaukie juani. Wayafute mara moja kwa kitambaa laini. Madoa ya maji yaliyokwisha kukauka huweza kulainika kwa siki iliyotiwa maji, kisha pakasuuzwa vizuri. Uchafu wa kunguru uwekewe kitambaa kilichorowa kwa dakika chache, halafu uinuliwe taratibu bila kusugua. Ukiachwa kutwa nzima katika jua la kaskazi, hula vanishi, na alama yake haiondoki kwa maji.

Mikwaruzo myepesi nayo tunaweza kuijaribu kwa mkono: dawa laini kabisa, kitambaa safi, na mahali padogo kama shubiri moja kwa moja. Tusugue kwa dakika mbili tatu bila kukaza, tufute, tutazame juani. Tukiridhika tusimame hapo. Ikiwa kitambaa cheupe kimeshika rangi ya gari, gari hilo halina vanishi juu, na kila tunachokiona kwenye kitambaa ni rangi yenyewe inayoondoka. Mwishoni tupake nta, ambayo hiyo kweli ni kinga ya kuongeza, na tuirudie kila miezi mitatu au minne, kwa sababu jua na chumvi huimaliza.

Kazi za fundi ni zile zisizo na marudio: mashine juu ya boneti na paa, mkwaruzo uliozama, kutu, na gari lililokwisha kupakwa rangi upya ambalo hatujui limebakiwa na unene gani. Ama vanishi iliyoanza kubambuka kama ngozi iliyoungua, hiyo haina polishi mkononi mwa yeyote. Inataka kupakwa upya, na fundi akuahidiye kuing’arisha anakupotezea fedha.

Maana si kila ashikaye mashine ni fundi, na kila mwamba ngoma huvutia kwake. Kabla ya kumkabidhi gari, tumwulize maswali manne. Je, ana kipima unene wa rangi, na kama hana, atajuaje pa kukoma? Atatumia mashine gani? Je, yuko tayari kujaribu mahali padogo kwanza, tupatazame pamoja juani? Na je, mikwaruzo ataiondoa ama ataijaza mafuta? Maana zipo dawa zinazojaza vijibonde, gari likang’aa siku ya kulichukua, na baada ya kuoshwa mara chache utando ukarudi. Anayejibu kwa utulivu tumpe kazi. Tupatane ujira na sehemu zitakazofanyiwa kazi kabla hajaanza, wala si baada. Na akishamaliza tumlipe siku ile ile, pasina kuanza kutafuta kasoro ili tupunguze tulichoahidi. Fundi naye ana nyumba inayomngoja.

Hayo ndiyo tuliyomweleza kijana yule, pamoja na kisa cha boneti ya kijani, ambacho kilimchekesha kuliko tulivyotarajia. Tukamwambia hesabu yake haikukosea katika shilingi 6,000. Ilikosea upande wa pili, kwa kuwa hakuandika popote gharama ya siku ambayo mkono utateleza. Rangi iliyoondoka ni maji yaliyomwagika, hayazoleki.

Akaligawa jambo lake mara mbili. Milango na mabawa aliyafanya mwenyewe kwa mkono, kidogo kidogo, jioni tatu, na yakatoka vyema. Boneti na paa akampelekea fundi, nasi tukaenda kutazama. Fundi alibandika utepe kwenye kingo zote, akapima mahali tofauti tofauti, akajaribu pembe moja, akamwita kijana waiangalie nje. Utando wa buibui ukatoweka. Doa moja la kunguru likatoka. La pili lilififia, likabaki kivuli chepesi kama alama ya kidole.

Kijana akamwomba aongeze mara moja tu, limalizike.

Fundi akaweka mashine chini, akapima tena. “Hili nitaliacha,” akasema. “Nikilifuata, nitalipata, lakini jua litakuja kulibambua paa lako.”

Tulimtazama mtu yule kwa heshima. Sponji na dawa hununuliwa dukani na yeyote, na mashine huazimwa kwa jirani. Alichonunua kijana kwa shilingi 6,000 ni mtu ajuaye mahali pa kukoma, na maarifa hayo ndiyo tuliyoyakosa sisi siku ile chini ya mwarobaini.

Kijana akamlipa pale pale. Doa limebaki juu ya paa, halionekani ila na ajuaye pa kutazama. Na gari, twaona kila Alasiri, haliegeshwi tena chini ya mwembe.