Kelele za Matatu Zaanzia Mikononi mwa Fundi

Kila mara kelele za matatu zinapozusha malalamiko, lawama humwendea dereva na utingo wake. Tangu zitolewe kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya sheria ya mazingira, malalamiko hayajakoma. Kwa maoni yangu, twamkaba mshika usukani na kumsahau mshika msumeno. Sehemu ya kelele hizi ni tunda la spika za nyuma zilizofungwa ovyo.

Chungulia ndani ya teksi na magari ya nyumbani, ndugu msomaji, nawe utayaona niyaonayo. Spika mbili zenye umbo la yai, zile za inchi 6 kwa 9, zimewekwa tu juu ya kibao kilicho chini ya kioo cha nyuma. Waya zapita juu ya zulia na kukanyagwa. Skrubu hakuna. Dereva akifunga breki ghafla, spika hizo zaweza kuruka na kumpiga abiria kisogoni. Katika matatu mambo ni yayo kwa yayo: tundu limekatwa kwa pupa kwenye ubao wa ukutani, na spika yatikisika ndani yake kama jino bovu.

Ubaya wake haukomei machoni. Spika hulia kwa kusukuma hewa. Karatasi yake inapoisukuma kwa mbele, upande wa nyuma huivuta. Ikiwa kando zake hazikuzibwa, hewa ya mbele hukutana na ya nyuma, moja ikaimeza nyingine, na ile sauti nzito, yaani besi, ikapotea. Mwenye gari hudhani spika hazina nguvu, akazidisha sauti. Besi haiji, waja mlio mkali wa juu pamoja na mtatariko wa ubao uliolegea. Ndipo wahenga wakanena kuwa debe tupu haliachi kuvuma.

Fundi mwema hufanya vingine. Kwanza hupima kina, asije akakata kisha sumaku ya spika ikagonga bati au kuzuia kioo cha mlango kushuka. Hutengeneza pete ya plaiwudi nene, akaikaza barabara, na kutia sponji mahali inapokutana na bodi. Waya huzipitisha chini ya zulia, na kila zinapopenya bati huzivisha mpira zisichunike. Waya ya umeme ya amplifaya huitia fyuzi karibu na betri, kwani ikikwaruzika bila fyuzi yaweza kuliteketeza gari. Mwisho huhakikisha chanya imekwenda kwa chanya na hasi kwa hasi. Asipojua ipi ni ipi, huzigusisha waya za spika kwa betri ndogo ya tochi: karatasi ikisogea nje, waya iliyoguswa upande wa chanya ndiyo chanya. Spika moja ikigeuzwa, hushindana na mwenzake, na besi yapotea tena.

Kazi hii ikikamilika, macho hayaoni ila wavu mdogo, na sauti ya chini yatosha. Mimi ni mtu wa mashairi, na sisi watu wa pwani tumelelewa na taarabu, ambamo neno ndilo bwana na ala ni watumishi. Udi unataka usikike kila uzi, na mwimbaji aeleweke kila silabi. Wimbo ukipigwa hata maneno yakasagika, aliyeutunga amedhulumiwa, na abiria kadhalika.

Lakini adhulumiwaye zaidi ni utingo. Kiwango cha tahadhari kazini kinachotumiwa sana ni desibeli 85 kwa muda wa saa 8 kwa siku, na kwa hesabu ya wataalamu wengi, kila zikiongezeka desibeli 3 muda huo hupungua nusu. Basi kwenye desibeli 94 kijana huyo ana saa 1 tu kabla ya kuuvuka mpaka, naye hushinda garini tangu alfajiri hadi usiku. Abiria hushuka akaenda zake, yeye hubaki. Masikio yakifa kwa kelele hayafufuki.

Simwombi yeyote azime muziki. Safari bila wimbo ni ndefu, na vijana wetu wameyafanya matatu kuwa sanaa inayotambulika. Nataka ukaguzi wa magari utazame pia spika zilivyofungwa, na vyuo vya ufundi viifundishe kazi hii kama vinavyofundisha useremala. Nawe mwenye gari, kabla ya kulipa, mwambie fundi apige wimbo kwa sauti ya chini. Ukiisikia besi, mpe haki yake. Usipoisikia, mwambie afungue skrubu zake aanze upya.