Hofu ya Homa Tuliwafundisha Wenyewe

Muuzaji wa duka la dawa mtaani humtambua mama mwenye mtoto wa homa kabla hajafungua kinywa. Anajua na atakachoulizwa: dawa ya kushusha joto, dawa mseto ya malaria, na amoksilini iende pamoja, "maana usiku kucha alikuwa wa moto." Mtoto mwenyewe hajapimwa chochote.

Sisi wa sekta ya afya ni wepesi wa kuwacheka wazazi hawa. Toleo hili halitawacheka. Imani kwamba kila homa ni malaria haikuanzia kwa bibi kijijini, ilitoka zahanati. Kwa miaka mingi mwongozo wenyewe ulikuwa huo: mtoto mdogo akichemka, apewe klorokwini, na Tanzania ilipoiacha mwaka 2001, dawa iliyoirithi, SP. Ni mwaka 2010 tu ndipo Shirika la Afya Duniani lilipotaka kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Somo lililorudiwa kliniki hadi kliniki haliwezi kufutwa na bango moja ukutani.

Watafiti waliochunguza watoto 1,005 wenye homa Dar es Salaam na Ifakara, na kuchapisha matokeo mwaka 2014, walikuta malaria kwa takriban mmoja katika kila kumi. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na sehemu kubwa ya homa zote ilitokana na virusi, ambavyo antibiotiki haiviwezi. Hata hivyo mmoja katika kumi si haba. Vijitabu vya Ulaya vinavyomshauri mzazi atulie nyumbani siku mbili tatu havikuandikwa kwa ajili ya bonde la Kilombero, ilipo Ifakara. Huku kwetu homa ni ya kupimwa siku hiyohiyo, na kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya dakika 20.

Tunachokosea ni tunachokiogopa. Tunaogopa namba. Kipimajoto kikisoma 39, mtoto anaogeshwa maji baridi huku akitetemeka, ilhali joto hilo ni mwili wake unapambana, na kiwango chake peke yake hakisemi ugonjwa ni mkali kiasi gani. Mimi ningemhofia zaidi mwenye 38 aliyelegea, asiyeweza kunyonya, anayetapika kila anachopewa. Wa chini ya miezi mitatu hana mjadala: homa yoyote, hospitali.

Kwenye degedege hofu inageuka kabisa. Wapo wanaoamini, hasa pwani, kwamba ni pepo, na kwamba sindano itamuua mtoto. Basi hospitali inawekwa nyuma ya mganga. Na mganga anasifiwa, kwa sababu iliyo wazi: degedege la homa tupu mara nyingi hukoma lenyewe baada ya dakika chache na haliachi ulemavu. Mtoto aliyefukizwa na mganga na asiyefukizwa wangepata matokeo yaleyale. Hatari ni kwamba malaria kali na homa ya uti wa mgongo nazo huja na degedege, na hakuna jicho, la mganga wala la daktari, linaloweza kuzitenganisha kwa kutazama tu. Mlaze mtoto ubavu, usimtie kijiko mdomoni, kimbilia kituo. Tusimdanganye mzazi pia kwamba parasetamoli ingelizuia. Dawa hiyo humpunguzia mtoto maumivu akapata nguvu ya kunyonya, na hiyo ni kazi ya kutosha.

Kurasa zinazofuata zinazungumza na wazazi. Ukurasa huu ni wa wenzangu wa vituoni. Kipimo kikionyesha hakuna malaria, usimwandikie mama dawa mseto ili aondoke ameridhika. Mweleze mtoto wake anaumwa nini, mtajie dalili zitakazomrudisha haraka, na akirudi usiku huohuo, mpokee bila kumfokea.