Kuzima si Kulemaza: Neno Moja na Kompyuta ya Mwanafunzi

Si wachache miongoni mwetu, kuanzia Kwa Vonza huko Kitui hadi Wote huko Makueni, wanaoandika tasnifu kwenye vipakatalishi vya mtumba vyenye Windows 10 na kumbukumbu ya gigabaiti 4. Kifaa kikiwashwa, huamka nacho msururu wa programu ambazo mwenyewe hakuziomba: OneDrive, Teams, Xbox ya michezo. Hizo hula kumbukumbu, na nyingine hula hata data iliyonunuliwa kwa shilingi za kuungaunga.

Dawa yake ni nyepesi, ila imepewa jina baya. Katika baadhi ya tafsiri, kuisimamisha programu bila kuifuta huitwa "kulemaza". Ninalipinga neno hili. Aliyelemazwa amejeruhiwa, na aghalabu jeraha lake ni la kudumu. Mwanafunzi akilisoma kiooni huingiwa na hofu, akakiacha kifaa kikijikokota. Au hukipeleka kwa fundi, naye fundi akafuta hata kisichofaa kufutwa. Neno sahihi tunalo: kuzima. Kilichozimwa huwashwa.

Kuzima kwenyewe hakuhitaji fundi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tafuta orodha ya programu zinazoanza pamoja na mfumo, uzime usizozihitaji. Zitabaki diskini zikikusubiri. Huduma za ndani za mfumo zinataka hadhari zaidi. Kwanza tengeneza nukta ya kurejeshea mfumo, andika karatasini hali ya awali ya kila huduma, kisha gusa moja tu na uwashe kompyuta upya kabla ya kugusa ya pili. Ni heri huduma iwekwe ianze inapoitwa kuliko kuzimwa kabisa, kwa kuwa nyingine huitegemea bila wewe kujua.

Kinga ya virusi isiguswe kamwe. Wapo wanaozima masasisho ili kuokoa data. Hao wanaokoa senti na kuhatarisha tasnifu. Afadhali wauarifu mfumo kwamba mtandao wao hulipiwa kwa kipimo, nao utapunguza kupakua. Isitoshe, masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na hakuna kuzima programu kunakoziba pengo hilo.

Yupo atakayesema kuwa "kuzima" tayari ni neno la kompyuta nzima. Mbona tunazima taa ya sebuleni na umeme wa nyumba ukabaki? Istilahi hizi zisiachiwe wanateknolojia peke yao. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Kwa hiyo wasomi wa lugha kuketi na waunda programu si jambo geni. Ninapendekeza chama chetu kianze na neno hili moja, kiwaandikie watafsiri wa mifumo hiyo, na barua hiyo itaje sababu.