PIN yako si ya Baba

Ndugu yangu, dadangu, ulipopata kitambulisho mzee alikwambia, "Lete hiyo PIN ya KRA nikuwekee." Ukampa, na paswadi juu. Sasa duka limeandikishwa kwa jina lako, na wewe hujauza hata robo ya sukari.

KRA itamfuata mwenye PIN kwanza. Ritani isipopelekwa kufikia Juni 30, faini si chini ya shilingi 2,000, na kama kuna ushuru unaodaiwa, riba nayo yapanda. Siku utaomba kazi uitishwe cheti kuonyesha hudaiwi ushuru, ndipo utajua.

Ingia iTax leo. Angalia leja, angalia umeandikishiwa ushuru gani. Barua pepe ikiwa si yako, nenda Huduma Centre na kitambulisho ibadilishwe, kisha ubadilishe paswadi.

Baba mwambie kwa adabu: "Baba, biashara ni yako, iandikishe kwa PIN yako." Akikasirika (atakasirika), mtafute ami au shangazi anayemsikiza, akae nanyi. Kumheshimu mzazi hakukulazimishi kumbebea ushuru.

Na usijaze ritani ya sifuri kumfunika. Huo ni uongo, na jina lililoko pale ni lako.